Kisanduku cha Waliohudhuria

(Mazungumzo na wanachuo wa ualimu, wiki moja kabla ya kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni)

Mkuu wa Chuo, wakufunzi wangu, shikamooni. Wapishi na walinzi mliosimama pale mlangoni, shikamooni nanyi, maana namwona mmoja aliyenifungulia geti usiku fulani wa mwaka 2017 na siri ile ameitunza mpaka leo. Walimu wenzangu, hamjambo?

Mmeitikia kwa kuvuta kama Darasa la Kwanza. Vizuri. Kaeni.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mwanachuo, na nimeonywa nisivuke dakika 40 kwa sababu saa saba ni ugali. Dakika 40 ni kipindi kimoja cha Darasa la Tatu kwenda juu, kwa hiyo nimezizoea. Habari za Mwalimu Nyerere sitaanza nazo. Mmezisikia tangu chekechea na mtazisikia tena siku ya mahafali. Mimi nimekuja na habari ya kisanduku.

Mkifungua daftari la maandalio ya somo, pale juu, chini ya jina la mwalimu, somo, tarehe, darasa na muda, kuna jedwali dogo la idadi ya wanafunzi. Upande mmoja walioandikishwa: wavulana, wasichana, jumla. Upande wa pili waliohudhuria: wavulana, wasichana, jumla. Hapo ndipo mkono wa mwanachuo unapopita mbio kuliko mahali pengine popote. Kwenye umahiri mahususi unatafuna kalamu, utangulizi unaufuta mara tatu, lakini kisanduku kile unakijaza huku unapiga soga na mwenzako. Walioandikishwa 132, waliohudhuria 132. Tena unakijaza leo usiku, kwa tochi ya simu, kwa ajili ya kipindi cha kesho asubuhi. Watakaokuja kesho umewajuaje?

Mnacheka kwa sababu mnajijua. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na nitawaeleza kilichonipata. Ila kwanza nipite bwenini.

Nilisoma chuoni kuanzia 2016 hadi 2018. Maji yalikuwa ya kuvizia. Bomba lilitoa saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, siku nyingine halikutoa kabisa, kwa hiyo ndoo zililala foleni. Ninyi mnalala, ndoo zenu zinakesha. Kila ndoo ilikuwa na jina kwa rangi ya kucha au kwa kisu cha moto, na ukimkuta mtu amesogeza ya kwake mbele usiku wa manane, kesho yake chuo kizima kilikuwa na kesi. Kengele ilikuwa saa kumi na moja, halafu mchakamchaka, halafu kila mtu na eneo lake la usafi, halafu uji. Uji wenyewe sitausema, wapishi wapo hapa.

Matroni wetu alikuwa haiti majina asubuhi. Tulidhani ni mvivu. Mwaka wa kwanza, mwezi wa tatu, nikashikwa na malaria, nikalala nimejifunika blanketi mbili na sijamwambia mtu, nikiamini wenzangu wataona. Wenzangu walikuwa wanakimbilia paredi, nani aangalie kitanda cha juu? Saa moja kasoro matroni akasimama mlangoni: “Wa Muheza yuko wapi? Ndoo yake sijaiona.” Alikuwa akipita bombani kila alfajiri kuhesabu ndoo. Mabinti 80 na kitu, naye alijua ndoo ya nani imekosekana. Nilimshukuru kwa dawa na kwa machungwa aliyonipa, lakini la kuhesabu ndoo sikulitia akilini. Nilikuwa bado naona kwamba ualimu ni ubao.

Mwaka uliofuata tukaenda BTP. Tulipangiwa sita shule moja ya kijijini, upande mkavu wa Dodoma, kule unakouona mbuyu mmoja kwa nusu saa nzima huku unauendea. Tukapewa stoo ya shule tulale wasichana wanne, na wavulana wawili wakapewa chumba kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku ya kwanza nikafundishwa kusema “mbukwenyi”, nikaambiwa nikisalimia hivyo sitalala na njaa. Ni kweli. Tulikula mlenda mpaka na mimi wa pwani nikaanza kuukumbuka usiku.

Nikapewa Darasa la Pili. Watoto 132, madawati 19, mwalimu mmoja mwenye darasa ambaye aliponiona alinishika mikono miwili kama ndugu aliyepotea.

Hapa nikengeuke kidogo, kwa kuwa mtauliza kwa nini 132. Hesabu ni nyepesi. Waraka wa elimu bila malipo ulitolewa mwishoni mwa 2015, ukaanza kazi Januari 2016. Michango ya lazima ikaondolewa, na wazazi waliokuwa wamewaficha watoto nyumbani kwa kukosa hela wakawaleta wote, mdogo na kaka zake. Waliokuwa Darasa la Kwanza 2016 ndio niliowakuta Darasa la Pili 2017. Nchi hii watoto hutangulia, walimu hufuata. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu wakatafutwa miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, wakasomea ualimu miaka mitatu huko huko vijijini huku wanafundisha, kwa redio na kwa masomo ya posta. Baba yangu alifundishwa kusoma na mmoja wao, na mwandiko wa baba ni mzuri kuliko wangu. Ada ya shule ya msingi ikafutwa 2001, ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wanachuo wakasoma mwaka mmoja chuoni na mwaka wa pili wakaumalizia shuleni. Mwaka 2006 na 2007 sekondari za kata zilipofumuka, waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache, watu wakawaita walimu wa vodafasta, jina la vocha za simu za wakati ule. Jina la dharau, mimi silipendi. Mtu amekuta darasa halina mwalimu, akaingia. Kosa lake liko wapi?

Turudi Darasa la Pili. Zana yangu ya kwanza ilikuwa ya herufi. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza 2015 ulitaka mtoto ajifunze sauti ya herufi kabla ya jina lake, mnajua, tusiseme “be”, tuseme sauti yenyewe. Na nilikuwa na watoto kama 40 ambao walifika Darasa la Pili bila sauti hata moja. Nikachukua kiroba cha unga, nikakigeuza ndani nje, nikachora kwa makapeni vitu vinavyoanzia na kila herufi. Kwenye N nikachora nazi. Mimi ni mtoto wa Muheza, nazi yangu ilikuwa na manyoya na macho matatu, nzuri ya kutia machozi.

“Hiki ni nini?”

“Kibuyu!” Darasa zima, kwa sauti moja.

“Hapana. Tazameni vizuri. Inaanza na nnn...”

Kimya. Kisha mmoja wa nyuma kabisa, kwa huruma, kama anayenisaidia: “Nibuyu?”

Badala ya kucheka na kukiacha kibuyu kiwe kibuyu, niliwaimbisha nazi kwa dakika nne. Watoto 132 wanaimba nazi, nazi, nazi, na mti wenyewe uko kilomita 400 kutoka hapo. Kwenye andalio, sehemu ya tathmini ya wanafunzi, nikaandika: “Wengi wameelewa.” Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote katika vyuo vya ualimu vya Tanzania.

Sasa kukaguliwa. Hofu ya mkufunzi kuja kukaa nyuma ya darasa lako mnaifahamu kwa kusimuliwa, subirini muipate ya kwenu. Simu zilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, kwa hiyo tukawa na zamu ya kukaa kichuguuni kusubiri ujumbe wa wenzetu wa shule ya jirani. Ujumbe ukija, “Mgeni katoka huku na pikipiki,” kila mtu anatoa lile somo lake la akiba, lile ambalo watoto wameshalifundishwa mara mbili na mikono yote inapanda. Na mimi nilikuwa nalo. Siku hiyo, Jumanne, mkufunzi akaingia, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, akaketi juu ya tofali nyuma kabisa. Nikaanza utangulizi kwa wimbo. Swali la kwanza tu, mtoto akasimama kabla sijamaliza kuuliza: “Mwalimu, hii si tulisoma jana?”

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini mama yule hata hakuinua macho. Alikuwa anatikisa kidole chake kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu vifaranga. Kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30. Naona zote alizitumia hivyo.

Baadaye tukaketi chini ya mti. Akafungua daftari langu, akapita malengo, akapita hatua za somo, hakusema neno juu ya zana wala juu ya wimbo. Akaweka ukucha kwenye kisanduku.

“Waliohudhuria 132?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Mimi nimepata 91. Nimehesabu mara mbili. Hawa 41 umewafundisha wapi?”

Nikasema niliandika kwa mazoea. Akasema, “Basi leo usifundishe tena. Nenda ukawaulizie.” Akanirudishia daftari, akapanda pikipiki. Alama zangu nilizikuta chuoni, sitazitaja.

Wenzangu na mwalimu wa darasa waliponiona nauliza, walicheka. Jumanne ni mnada, kila mtu anajua. Watoto wanaswaga mbuzi tangu alfajiri, wengine wanabeba kuku, wengine wanalea wadogo zao nyumbani mama akiwa mnadani. Hiyo ilikuwa kama nusu. Mwalimu wa darasa alijua yote hayo kwa miaka 11, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Nusu ya pili ilikuwa shambani. Ulikuwa mwezi wa nne, mtama umeanza kukomaa, na kweleakwelea wakitua kwenye shamba la mtama wanalimaliza kabla jua halijapanda. Kwa hiyo watoto wanaamia ndege.

Jumamosi nikaenda na mwenzangu mmoja kumtafuta mtoto niliyekuwa nimemwandika kwenye daftari langu, kwa kalamu nyekundu, “hesabu: hawezi kabisa”. Tulimkuta juu ya dungu, kombeo mkononi, koo limekauka kwa kupiga kelele. Miguuni pake kulikuwa na mawe ya kombeo ameyapanga mafungu. Nikamwuliza yako mangapi. Hakuyagusa. Akayatazama tu, akasema arobaini na matatu. Nikapanda, nikahesabu jiwe moja moja kama mjinga: mafungu manne ya kumi kumi, na matatu pembeni. Nikamwuliza akitupa kumi na tano yatabaki mangapi, akaniambia huku anatazama ndege, siyo mimi. Ishirini na nane. Darasani swali hilo hilo, kwa tarakimu ubaoni, alikuwa hawezi, kwa sababu siku niliyofundisha kutoa kwa kukopa alikuwa dunguni, na siku aliyofuata kuja alikuta tumeshahamia kwenye saa.

Najua mnatarajia niseme alirudi shuleni Jumatatu. Hakurudi. Baba yake alinipokea vizuri, akanipa kigoda na maji kwenye kata, akaniuliza swali moja: “Mwalimu, ndege utawafukuza wewe?” Nilikuwa sina jibu na mpaka leo sina. Mtoto alirudi mwezi wa sita baada ya mavuno, BTP yangu imeshakwisha. Nilichoweza kilikuwa kidogo: somo la kutoa nilirudia Alhamisi, siku isiyo ya mnada, na wale waliokosa Jumanne niliwaweka mbele. Nilifundisha kwa mawe. Na kwenye kiroba nilifuta nazi, nikachora ng’ombe, nikafundisha ng’ kabla ya n, mambo ambayo hakuna kitabu kinachoruhusu, lakini pale kila mtoto aliitamka bila shida wakati mimi kwa sauti ile nilihangaika utotoni.

Kuna jambo la fimbo lazima niliseme, kwa kuwa mtakabidhiwa siku ya kwanza, na atakayewakabidhi atakuwa mwema tu, anawatakia amani darasani. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni cha mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na kila kimoja kiandikwe kwenye kitabu. Mwanachuo hana ruhusa hiyo. Lakini mimi sisemi haya kwa kuogopa kanuni peke yake. Pale shuleni waliokosa Jumanne walichapwa Jumatano. Mtoto aliyekwishajua kwamba Jumatano kuna fimbo anafanya nini? Anakosa na Jumatano. Ukihesabu kwa uaminifu kwa wiki tatu utaona kwa macho yako: Jumatano ilikuwa na watoto wachache karibu sawa na Jumanne, na hakuna mnada. Nilimpelekea mwalimu mkuu daftari langu la hesabu hiyo. Hakuniambia kitu. Wiki iliyofuata Jumatano hakukuwa na mstari wa kuchapwa. Sijui kama ulirudi baada ya sisi kuondoka.

Ninyi wa sasa mna mtihani ambao sisi hatukuwa nao. Maandalio yanatembea kwenye makundi ya WhatsApp, yamechapwa vizuri, yana jedwali na kila kitu. Mwaka juzi nilikuwa nawapokea wanachuo shuleni kwangu, mmoja akanipa andalio ambalo juu limeandikwa jina la shule ya mkoa mwingine, tarehe ya mwaka uliopita, walioandikishwa 58, waliohudhuria 58. Darasa lake lilikuwa na watoto 104. Nilimwambia, mwanangu, hata kama umeazima somo, watoto usiazime. Kunakili hatua za somo mimi sina ugomvi nako sana; tofauti ya mwalimu mmoja na mwingine katika kufundisha silabi siyo kubwa kiasi hicho. Lakini kile kisanduku acha wazi mpaka uingie darasani. Simama, itikia shikamoo yao, waambie wakae, halafu hesabu. Watoto 100 unawahesabu kwa dakika mbili ukiwazoeza kukaa kwa safu za kumi kumi. Dakika hizo mbili toa kwenye wimbo wa utangulizi. Nyimbo zenu ni ndefu mno.

Mambo mengine ya BTP nayapitia mbio. Kunyweni chai kabla ya kipindi cha kwanza, kwa vile atakayezimia mbele ya watoto ataimbiwa wimbo mwaka mzima. Msipaze sauti kwa wiki ya kwanza, sauti ikikatika hairudi mpaka mfunge shule. Wasichana, msikubali chumba ambacho komeo lake liko nje. Mwambieni mwalimu mkuu siku ile ile, na akinyamaza pigieni chuo. Wavulana, hilo linawahusu pia: ukijua mwenzako amepewa chumba cha namna hiyo na ukakaa kimya, umeshiriki. Na hela ya matumizi igawanyeni wiki nane mkiwa bado mna akili, kabla hamjaiona mishikaki ya mnadani.

Mtaniuliza ajira. Nilimaliza 2018, nikajitolea miaka miwili na nusu, nikilipwa kwa michango ya wazazi inapopatikana, mara nyingine debe la mahindi. Cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, nilipoipata niliiandika nyuma ya mlango kwa chaki na mpaka leo haijafutwa. Sina maneno matamu ya kuwapa juu ya hilo, na atakayewapa muwe macho naye.

Naona mpishi ananitazama, saa saba imekaribia. Nimeleta zawadi, siyo kubwa. Nyuma ya gari lililonileta kuna viroba vya unga, vya kilo 25, vimefuliwa na kukaushwa juani, weupe wake unashika makapeni vizuri. Ofisi ilinipa orodha ya majina 64 ya wanaokwenda BTP, nami nimehesabu viroba 64. Makapeni mtajinunulia. Kila mmoja achukue kimoja akielekea bwaloni, na vikibaki, nitasimama pale pale garini kuuliza ni vya nani.